Kazi za Umeme Zinawangoja Vijana Waliotayarishwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za sekondari na maofisa wa Serikali waliokutana kujadili ushauri wa kazi kwa wanafunzi.)



Nimetakiwa nieleze ni kazi zipi anazoweza kuzitazamia mwanafunzi wetu katika viwanda vinavyotengeneza vifaa vya umeme, na katika shughuli za kuvisambaza vifaa hivyo pamoja na umeme wenyewe. Ningeweza kusoma orodha ya kazi, mkaiandika, kisha tukaagana. Lakini orodha peke yake haitamfaa mwanafunzi hata mmoja.

Jambo ninalotaka tuondoke nalo ni hili: katika kazi za umeme, nafasi haianzi siku tangazo linapobandikwa ukutani. Huanza miaka mingi kabla ya hapo, pale mtoto anapochagua masomo ya kuendelea nayo, na tena pale kijana anapotafuta karakana ya kujifunzia kwa vitendo. Hiyo ndiyo milango miwili. Ufunguo wa mlango wa kwanza mnao ninyi walimu. Ufunguo wa mlango wa pili, kwa sehemu kubwa, tunao sisi tulioketi maofisini. Kijana akiikuta milango hiyo imefungwa, matangazo ya kazi hata yakijaa magazeti hayatamhusu.

TULIKOTOKA

Umeme uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Mwaka 1931 Serikali ya Waingereza iliikabidhi shughuli hiyo kwa makampuni mawili ya watu binafsi, DARESCO na TANESCO. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Serikali yetu ilianza kununua hisa za makampuni hayo, na kufikia mwaka 1975 shirika lote likawa mali ya umma.

Hisa hununuliwa kwa kutia saini. Watu wa kuendesha mitambo hawapatikani kwa saini. Hao huandaliwa kwa miaka, darasani na karakanani. Ndiyo maana Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na Chuo cha Ufundi Arusha kikaanza mwaka 1978. Kabla ya hapo shule za ufundi za Ifunda na Moshi, zilizoanzishwa katika miaka ya 1950, zilikwisha kutoa mafundi waliotumika kila pembe ya nchi. Katika mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alitueleza, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule isiyomtayarisha mtoto kuishi na kufanya kazi katika jamii yake ni shule inayomtenga na jamii hiyo. Maneno hayo yaliwahusu wakulima kwa wakati ule. Leo yanawahusu mafundi umeme vile vile.

Tuangalie kazi ilivyopanuka. Kituo cha Hale, kilichoanza mwaka 1964, kina uwezo wa megawati 21. Kidatu, kilichoanza mwaka 1975, kina megawati 204. Mtera ina megawati 80 na Kihansi megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024, limejengwa kwa mitambo tisa yenye megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji unaishinda Kidatu nzima, na bwawa lote ni sawa na Hale mia moja.

Mwaka huo huo wa 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha ikafika Dodoma. Nao Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umesaidia kufikisha umeme karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi sasa imeelekezwa vitongojini. Kila nguzo iliyosimamishwa italazimika kutazamwa, kutengenezwa na siku moja kubadilishwa. Swali letu ni moja: itatazamwa na nani?

SAFARI YA UMEME NA WATU WAKE

Wengi wetu tukisikia kazi ya umeme humwona mtu mmoja tu, yule aliyevaa mkanda na kupanda nguzo. Huyo ni mwenzetu wa kuheshimiwa, lakini hayuko peke yake. Tuufuate umeme kutoka Rufiji hadi nyumbani kwa mwalimu kijijini.

Umeme unapotoka bwawani hupandishwa na transfoma kubwa hadi msongo wa kilovolti 400 na kusafirishwa kwenda Chalinze. Sababu yake mwalimu wa Fizikia anaijua: nishati ile ile ikisafirishwa kwa msongo mkubwa huhitaji mkondo mdogo, na mkondo mdogo hupoteza joto kidogo njiani. Kutoka hapo umeme hushushwa kwa hatua: kilovolti 220 na 132 katika njia kuu, kisha 33 na 11 katika njia za usambazaji, na mwisho volti 400 na 230 zinazoingia majumbani na viwandani. Transfoma ya kijiji yenye uwezo wa kilovolti-ampea 50, ikibeba mzigo wake wote, hupokea mkondo usiofika ampea moja upande wa kilovolti 33, na hutoa ampea zipatazo 72 upande wa volti 400. Hesabu hiyo inaweza kufanywa ubaoni kwa dakika kumi, na mtoto akaelewa kwa nini waya wa juu ni mwembamba na ule wa chini ni mnene.

Sasa tuwahesabu watu. Kwenye kituo cha kuzalisha wako waendeshaji wa mitambo, mafundi wa jenereta na wapimaji wa maji. Katika njia kuu wako wapima ardhi, wachoraji ramani na mafundi wa minara. Katika kituo cha kupozea umeme wako mafundi wa swichi kubwa na wa vifaa vya kinga, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba hitilafu ya mtaa mmoja haizimi mkoa mzima. Mijini wako mafundi wa kebo za ardhini, mafundi wa mita, wahasibu na wataalamu wa kompyuta. Visiwani umeme hufika kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari. Ile ya kwanza ya Unguja iliwekwa mwaka 1980, na ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ikaanza kazi mwaka 2013. Hiyo nayo ina mafundi wake. Hata mfumo wa LUKU, unaomwezesha mwananchi kulipia umeme kabla ya kuutumia, una watu wanaouangalia usiku na mchana.

KIWANDANI

Upande wa utengenezaji, wanafunzi wengi hawajui kwamba transfoma hutengenezwa hapa hapa nchini. Kiwanda cha Tanelec cha Arusha kilianzishwa mwaka 1981 kwa kazi hiyo. Yafaa mwalimu ajue kinachofanyika katika kiwanda cha namna hiyo, ili aweze kukisimulia.

Transfoma huanza na kiini cha mabati membamba ya chuma maalumu, yaliyokatwa kwa kipimo na kupangwa moja juu ya jingine, ili joto linalopotea ndani ya chuma liwe dogo. Juu ya kiini huvishwa koili za shaba au alumini, zilizozungushwa kwa hesabu kamili na kutengwa kwa karatasi maalumu. Mzunguko mmoja ukikosewa, volti hazitatoka zinavyotakiwa. Koili hukaushwa hadi unyevu uishe, zikaingizwa katika tangi la chuma, na tangi likajazwa mafuta ya kupoza na kuhami. Halafu hupimwa: msongo, upinzani, joto na uvujaji wa mafuta. Isiyofaulu hurudishwa.

Humo mna kazi za aina ngapi? Mna mchora ramani, mkata mabati, msokota koili, mchomea vyuma, mpaka rangi, mkemia wa mafuta, mpimaji, mkaguzi wa ubora, mtunza bohari, ofisa ugavi na muuzaji. Si wote waliosoma hadi chuo kikuu. Lakini hata msokota koili hawezi kufanya kazi ikiwa hawezi kuhesabu na kusoma mchoro.

Viwanda vya nyaya na kebo ni mfano mwingine. Fimbo ya shaba au alumini huvutwa katika matundu yanayozidi kuwa madogo hadi iwe waya, nyaya husokotwa pamoja, na kisha huvikwa plastiki ya kuhami. Nguzo nazo, tulizokuwa tukiona fahari kuziagiza, hupatikana katika mikaratusi ya Mufindi na Njombe. Mti huo lazima ukaushwe na kutiwa dawa kwa shinikizo; ukikosa dawa mchwa huumaliza, na nguzo ikaanguka pamoja na waya wake. Kwa hiyo hata kijana aliyesoma misitu ana nafasi katika umeme.

BOHARI NA DUKA

Usambazaji wa vifaa umesahauliwa kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuuita uchuuzi. Kati ya kiwanda na nyumba ya mwananchi wako waagizaji, wenye mabohari, wauzaji wa jumla na wa rejareja, wachukuzi na makandarasi. Mahali hapo mtu mwenye elimu ya umeme anahitajiwa sana.

Tuchukue waya wa nyumbani. Kwa kawaida taa hufungwa waya wa milimita mraba 1.5 na soketi waya wa 2.5. Mfanyabiashara asiye mwaminifu huuza waya ulioandikwa 2.5, kumbe shaba iliyomo ni pungufu. Mnunuzi haoni kwa macho. Lakini waya mwembamba una upinzani mkubwa, na upinzani huzaa joto. Tena mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Siku pasi na jiko vikiwashwa pamoja, plastiki huyeyuka ukutani. Wananchi wamepoteza nyumba na watoto kwa moto wa namna hiyo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lina kazi ya kupima na kukagua, lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila duka la Kariakoo. Muuzaji aliyesoma, anayejua kupima waya na kukataa bidhaa mbovu, ni mlinzi wa maisha ya watu. Tuwaambie wanafunzi hivyo, wasidhani kwamba kuuza vifaa vya umeme ni kazi ya aliyeshindwa masomo.

NGAZI HAINA KIKOMO

Kasumba iliyotuharibia vijana wengi ni ile ya kudhani kwamba ufundi ni chumba kisicho na mlango wa pili. Sivyo. Katika umeme ziko daraja tatu kubwa: fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Fundi mchundo huandaliwa katika vyuo vya ufundi stadi, ambavyo tangu sheria ya mwaka 1994 viko chini ya usimamizi wa VETA. Fundi sanifu huandaliwa katika vyuo kama Arusha, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, na Taasisi ya Karume kule Zanzibar. Mhandisi hutoka chuo kikuu, na hana budi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kujiita hivyo.

Aliyeanza chini aweza kupanda hadi juu, akifaulu mitihani na kutimiza masharti ya kila daraja. Na anayetaka kujitegemea aweza kuomba leseni ya kufunga umeme kutoka EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Fundi mwenye leseni anaweza kuungana na wenzake, wakafanya kikundi na kuchukua kazi za ukandarasi. Hiyo nayo ni ajira, tena ni ajira inayoajiri wengine.

Tusidanganyane, hata hivyo. Si kila atakayesoma umeme ataajiriwa na TANESCO, wala na kiwanda. Kazi hii ina hatari. Kosa moja juu ya nguzo halisameheki, na ndiyo maana asiyekubali nidhamu ya usalama asiingie. Mshahara wa mwanzo wa fundi mchundo si wa kujivunia. Mwalimu anayemweleza kijana mazuri tu anamtayarishia masikitiko. Mweleze yote, kisha umwache achague akiwa na macho wazi.

WAJIBU WA MWALIMU

Kwa miaka mingi mwanafunzi wetu ameruhusiwa kuacha Fizikia baada ya kidato cha pili. Wakati huo ana umri wa miaka kumi na tano au kumi na sita. Anaiacha kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja kwa madarasa manane, au kwa sababu maabara haikuwa na vifaa, au kwa sababu kaka yake alimwambia ni ngumu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo amefunga karibu milango yote niliyoitaja leo. Miaka sita baadaye atakuja ofisini na barua ya kuomba kazi, nasi tutamwambia hana sifa. Nani alimnyima sifa hizo?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa elimu ya amali sambamba na ule wa elimu ya jumla. Ni hatua njema. Lakini sera hupita mikononi mwa mwalimu kabla ya kumfikia mtoto. Ikiwa mkondo wa amali utakuwa ndio mahali pa kutupia watoto waliopata alama za chini, tutakuwa tumeirudisha kasumba ile ile kwa jina jipya. Kazi ya kupanga koili au kulinda mtambo wa kilovolti 33 haitaki mtu mzito wa akili.

Naomba mambo matatu. La kwanza, kabla mwanafunzi hajaacha Fizikia au Hisabati, aitwe yeye na mzazi wake, waelezwe kazi zitakazomponyoka. La pili, somo la umeme lifundishwe kwa vitu: betri, balbu, waya, na mita iliyokwisha kuharibika, vitu hivyo havihitaji fedha nyingi. La tatu, wasichana wasiambiwe kwamba nguzo ni za wavulana. Kupima mafuta ya transfoma, kuchora njia, kusoma vipimo vya kinga na kusokota koili ni kazi za umakini, na umakini hauna jinsia. Na kupanda nguzo kwenyewe wako wanawake wanaokufanya.

WAJIBU WA OFISI

Sasa niwageukie wenzangu wa maofisini, nami nikiwa mmoja wao. Mwanafunzi wa ufundi hawezi kumaliza masomo yake bila mafunzo ya vitendo. Huandika barua ya kuomba nafasi, huambatisha barua ya chuo, hutumia nauli kuileta. Barua hiyo mara nyingi hukaa masjala hadi muda wa mafunzo upite. Hakuna aliyemkataa, wala hakuna aliyemkubali. Jalada limelala tu. Nasema bila kuficha kwamba jalada lililolala limewanyima vijana kazi nyingi kuliko mtihani mgumu.

Na yule anayebahatika kupata nafasi, mara nyingine huwekwa kufagia karakana na kununua chai, kisha husainiwa kitabu chake kana kwamba amefundishwa. Huko ni kumdanganya kijana, chuo na taifa. Kila idara, halmashauri na shirika lenye mitambo, jenereta au karakana lijue idadi ya wanafunzi linaloweza kuwapokea kila mwaka, livitangazie vyuo mapema, na limteue fundi mmoja mwenye jukumu la kuwafundisha. Jambo hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji ofisa mmoja anayejibu barua.

Lipo la pili, nalo ni la ununuzi. Shule inapojengwa, hospitali inapopanuliwa, nyaya, swichi na transfoma hununuliwa kwa fedha za umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa upendeleo kwa bidhaa na makampuni ya ndani. Lakini ofisa anayenakili masharti ya zabuni ya zamani, yaliyotaja bidhaa ya nje kwa jina, anaifuta sheria hiyo kwa kalamu yake. Kiwanda cha ndani kisichopata oda hakiajiri, na kisichoajiri hakipokei wanafunzi. Kwa hiyo katika kuandika masharti ya zabuni tunaamua pia kama mtoto wa jirani atapata pa kujifunzia. Sisemi tununue kibovu kwa sababu ni chetu. Kipimwe kwa viwango vile vile. Nasema tusikikatae kabla ya kukipima.

Ndugu zangu, mitambo ya Rufiji ilifungwa kwa mkopo wa ujuzi wa wageni, nasi tunawashukuru. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka, mwenyeji ndiye anayebaki na nyumba. Mitambo ile inakusudiwa kufanya kazi kwa miongo mingi, na mafundi watakaoifungua kwa matengenezo makubwa hivi sasa wako katika madarasa yenu, baadhi yao wakifikiria kuacha Fizikia. Mkirudi shuleni, watafuteni. Nasi tukirudi ofisini, tuyafungue majalada.